Alama ya Chaki

Wifi, hiyo hirizi iweke mezani, ukae.
Umetoka Newala na vumbi kwenye nyusi,
nami nina sare arobaini kabla shule hazijafunguliwa.
Nitakueleza huku nikikata.

Pateni yenyewe haitoki kabatini.
Natandaza karatasi ya mfuko wa saruji, nanakili yote:
mkono, kola, kiuno,
na vile vipande vya katikati visivyo na kazi.
Nikifika kwenye alama ya chaki navikata,
navitupa chini ya cherehani,
naunganisha ncha kwa ncha.
Na mwili hufanya hivyo, kasema daktari wa Ligula.
Nakala yake yeye anaiita RNA.
Mkasi upo. Uzi upo.
Alama ndiyo iliyofutika.

Herufi moja, wifi.
Kati ya herufi nisizozimaliza hata nikiishi mara mbili
moja imekosewa, pale pale pa kukatia;
mkasi ukapita bila kusimama,
cha kutupwa kikashonewa ndani.
Nguo gani hiyo? Mkono umeishia kiwikoni,
kola haina pa kuingiza shingo.
Haivaliki. Mwili wenyewe unaichana.
Basi damu ya Somoe haikomai,
macho manjano kama bibo,
bandama imejaa tumboni kama mzigo wa mtu mwingine.

Ulisema kwenye simu: ni kwao mama,
ukoo ule ndio wenye neno.
Miaka miwili nimelala na neno lako.
Sasa sikia. Kila mtu ana pateni mbili,
moja ya baba, moja ya mama.
Chilumba kaka yako anayo moja mbovu.
Mimi ninayo moja.
Tumetembea nazo tukiwa wazima, tukipalilia mikorosho,
tukicheka, tukioana.
Somoe akapewa zote mbili.
Hakuna aliyemroga.
Hata mimi sikumroga.

Nawe ukapimwe. Huenda unayo.

Usilie hapo, utalowesha kitambaa.

Ijumaa tunapanda tena Ligula.
Mfuko utaning'inia, tone, tone, hadi adhuhuri,
na Somoe ataniuliza tena hii damu ni ya nani.
Mara ya mwisho sikujua la kumjibu.
Kisha nikawaona uani, wanafunzi wa sekondari,
foleni ya wachangiaji, wamekunja mikono ya mashati.
Nilitazama mshono kabla sijatazama sura.
Ulikuwa wangu.

Nipe chaki hiyo, wifi.
Hapana, iliyo karibu na hirizi.