Ukurasa wa Tisa

Sera ina kurasa thelathini na mbili
zilizobanwa kwa waya mweusi.
Niliichapa mimi, nayajua makosa yake:
ukurasa wa nne, mzabuni ana z mbili,
ukurasa wa tisa una mistari mitatu tu.

Mtumishi ataje ndugu zake wenye hisa
katika kampuni yoyote inayoomba kazi ya kaunti.
Mistari mitatu!
Aliyeandika hakuzaliwa Nyamache,
au alizaliwa akasahau.

Ndugu ni nani?
Niliuliza siku ya semina, mkono juu.
Mwezeshaji akacheka: mume, mke, mtoto, tumbo moja.
Kisha chai ikaja na mandazi,
tukatia saini karatasi ya mahudhurio.

Leo Jumanne. Sanduku la zabuni, ghorofa ya nne,
lina kufuli mbili.
Ufunguo mmoja yuko nao Muthengi wa fedha,
mwingine unaning'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu.
Saa tano kamili tunafungua.
Kazi: mifuniko ya mitaro, Kariobangi,
mia mbili na kumi.

Mwaka juzi tulilipia mia moja na arobaini.
Nilikwenda kuihesabu Jumamosi, viatu vya mpira miguuni,
nikafika sitini na moja, nikakosa cha kuhesabu.
Mbele ya kibanda chake, mama muuza omena
alikuwa amelaza mlango wa friji juu ya shimo.
Nikamuuliza, huu umewekwa na kaunti?
Akaukanyaga mara mbili, ukalia ngo, ngo.
"Kaunti ni mimi," akasema.

Bahasha ya sita niliipokea jana
nikaipiga muhuri, saa tisa na dakika kumi.
Jina la kampuni silijui.
Mwandiko naujua.
Ile k yenye mkia mrefu kama wa panya
ndiyo iliyoandika *karo imekamilika*
muhula wa pili, kidato cha nne,
mwaka ambao Mwalimu Ombasa aliuza mashine yake ya kusaga
na mtaa mzima ukaanza kwenda kusaga ng'ambo ya mto.
Hakuandika popote kwamba ananidai.
Wala mimi.

Jumapili Mama alipiga simu. Hakuomba kitu.
Aliuliza kama Nairobi kuna baridi,
akasema Ombasa anakusalimu,
tukazungumzia ng'ombe,
akasema tena Ombasa anakusalimu.

Sheria haimjui. Si mume, si tumbo moja.
Nikinyamaza ni safi
kama karatasi ambayo haijatolewa kwenye pakiti.
Nikisema, nyumbani watapata la kusema:
asante ya punda ni mateke.
Na watakuwa na haki, kidogo.
Alisaga unga wetu bure wakati wa njaa.

Lakini mlango ule wa friji.

Saa tano kasoro robo nikaichukua fomu.
Mistari mitatu nikaiacha wazi, haikuwa yake.
Jina lake nililiandika pambizoni, wima,
kalamu ikapasua karatasi mahali pa k.
Palipoandikwa *uhusiano*
nilikaa kitambo, Muthengi akakohoa,
nikaandika: deni.

Nikavua kamba ya kiatu, nikaiweka mezani,
nikatoka.

Ukumbini kuna benchi moja, mguu wake umefungwa kwa waya.
Nilisikia kufuli, ya kwanza, ya pili.
Nilisikia Muthengi akisoma bei kwa sauti ya mahubiri,
ya kwanza, ya tatu, ya tano,
na alipofika ya sita
lifti ikagonga, ikafunguka, haikuwa na mtu.
Sikuipata.

Simu ikatetemeka juu ya goti langu. Mama.
Nikaiangalia mpaka ikachoka.

Mlango ukafunguka nusu. Nasieku, karani mpya,
fomu yangu mkononi, kalamu sikioni:
"Madam, samahani. Nimeangalia rejista yote.
Hili deni niliweke safu gani?"

Nikamwambia achukue rula,
achore nyingine.