Karani wa Meza

King'ora kinalia. Wachezaji wanaingia vyumbani,
na nusu ya Kaunas inainuka kwenda kupanga foleni ya bia.
Mimi siinuki.
Nimekaa goti kwa goti na Algimantas, jirani yangu wa ghorofa ya tatu,
kofia ya sufi mapajani, penseli nyuma ya sikio,
maana miaka kumi na minne nilikuwa karani wa meza ya alama:
faulo nikiandika, pointi nikijumlisha,
na mkono wa karani haujui kustaafu.

Wenyeji arobaini na tisa, wageni thelathini na nane.
Ubao ni msema kweli,
ila si msema yote.

Algimantas simu mkononi, kidole kinamwasha.
"Karani, tuwawekee wenyeji! Huoni wana moto?"
Huo moto, namwambia, ndio unaonitia baridi.
Vyaelea vimeundwa, walisema,
lakini mitupo tisa ya mbali kati ya kumi na miwili
inaelea tu, fundi hana habari.
Subiri wakae robo saa, jasho liwakaukie mgongoni,
kikapu kitakuja kudai chake.
Na hawa wenye kampuni wanajua
kwamba mtu aliyeshiba kwa macho hubeti kwa macho,
ndiyo maana odi za wageni zimenona hivi.

Hesabu faulo, Algi, usihesabu shangwe.
Mlinzi wao namba saba ana tatu, atacheza kama anayebeba mayai.
Tazama nani amepumzishwa na nani hajakaa hata dakika moja.
Tazama kocha: akivua koti, hana mpango, ana hasira.
Na dau lisizidi bei ya mkate mweusi na samaki wa moshi.
Mkeka wa tamaa huchanika kabla haujatandikwa.

Hayo yote nilimwambia.
Moja sikumwambia.

Kabla ya king'ora, dakika mbili hivi,
Gintautas, senta wetu, mtoto wa mama muuza maua pale stesheni,
alifunga kamba za kiatu akiwa amekaa.
Siku zote huzifunga ameinama, kama korongo anayekunywa maji.
Kisha akaruka, na akatua kwa mguu mmoja,
ule mwingine akaushusha taratibu
kama mtu anayeweka chini sahani ya kuazima.

Elfu kumi tulikuwa mle ndani.
Nadhani niliona peke yangu.
Ningeweza kushuka ngazi. Daktari wa timu ananijua kwa jina,
tumekunywa chai pamoja mara ngapi.
Ngazi ishirini na mbili, nilizihesabu.
Nikafungua simu.
Wageni, nusu ya pili. Euro kumi na mbili.
Nikafuta. Nikaandika sitini.

Robo ya tatu, dakika ya sita,
Gintautas alikwenda juu kufuata ribaundi
na goti likabaki chini.
Sauti yake sikuisikia, niliona tu mdomo,
halafu ukumbi mzima ukanyamaza,
ukimya mzito, wa theluji juu ya paa la bati.
Walimtoa kwa machela, miguu ikining'inia nje
kwa sababu machela hutengenezwa kwa watu wa kawaida.

Nusu ya pili wageni waliichukua kwa pointi tisa.
Simu ikatetemeka mfukoni. Algimantas akanibusu utosini:
"Mchawi! Mchawi wa penseli!"
Nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Mto Nemunas ulikuwa umeganda kingoni,
basi namba kumi na nne likachelewa, nikarudi kwa miguu.
Danguolė alikuwa anamenya viazi, redio imezimwa.
"Nani kashinda?"
"Sisi," nikajibu, "kwa mbili."

Ilikuwa kweli.
Kama ubao.