Kipato cha Mzazi kwa Mwaka

Sijawasha hata jenereta, wameshafika,
mama na binti, mwavuli mmoja,
huyu kalowa bega la kulia, yule la kushoto.
Tukuyu mvua haina msimu. Ina siku za kupumzika.

Nina mashine mbili, moja inatafuna karatasi.
Mwezi mzima huu naskani vyeti, napunguza picha,
nawasomea watu maswali ya Bodi ya Mikopo
kama mwinjilisti aliyepewa somo asilolijua.

Jina? Atuganile.
Matokeo? "Wani ya nane,"
anasema kwa sauti ya chini, asije akasikika anaringa
mbele ya mashine ya fotokopi.
Chuo cha kwanza, Muhimbili. Cha pili, Dodoma.
Cha tatu anasita: "Weka cha hapa Mbeya,
nisimwache mama mbali."
Mama anagonga meza. "Kifute hicho.
Ukiwa karibu nitakuita kila mkungu ukikomaa."

Nikafuta.
Swali linalofuata nalisoma kila siku, na kila siku linanitia haya:
kipato cha mzazi kwa mwaka.

"Mwaka upi?" akauliza mama.
"Mwaka wa chai au mwaka wa parachichi?
Ule ng'ombe aliozaa, au huu alioporomoka korongoni?"
Akaanza kuhesabu kwa vidole, vyeusi kwa utomvu wa chai:
kilo kwa kilo, mkungu kwa mkungu,
akatoa mbolea, akatoa marejesho ya kikoba,
akatoa michango ya shule, na godoro la bweni lililoibwa,
akatoa rambirambi za jirani, maana zile hazikwepeki,
akafika kwenye sifuri, akaipita,
akawa anateremka bado
kama anayekwenda kuchota maji Kiwira.

Mashine yangu haipokei namba iliyo chini ya sifuri.
Nikaandika moja nikaifuta. Nikaandika nyingine.
Sitasema niliacha ipi.

Baba yu hai?
"Hapana," akasema binti.
Cheti cha kifo?

Mvua ikapiga bati, tukaisikiliza wote watatu.
Kazikwa migombani, nyuma ya jiko, akasema mama,
mwaka ule barabara ilipokatika.
Mchungaji alikuwepo. Mwenyekiti alikuwepo, alikula mara mbili.
Kaburi lina saruji, lina jina, lina tarehe.
Nikamwambia: Mama, msajili tu ndiye hakuwepo.
Kwa hii mashine, mzee bado yupo.

Alicheka. Sikutegemea.
Alicheka hadi akashika kitasa cha mlango.
"Kama yupo," akasema, "mwambie alete ada."
Kisha akageuka kuutazama mlima, ambao ulikuwa hauonekani,
akautazama kwa muda mrefu.

Nikachukua karatasi iliyoharibika, nikawaandikia mgongoni:
mtendaji wa kijiji, muhuri. Mtendaji wa kata, muhuri.
Wilayani kwa msajili; subirini.
Kisha uhakiki; subirini tena.
Mdhamini, na picha yake, mandhari ya bluu.
Siku zilizobaki: kumi na mbili.

Atuganile akaisoma akiwa amesimama.
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi,
mahali pekee pakavu.
"Mtendaji leo yuko shambani," akasema.
"Tutamfuata huko huko shambani."

Hawakuwa na hela yote.
Mama akanipa parachichi nne, ngumu kama mawe ya mtoni.
"Zifukie kwenye pumba. Usizibonyeze-bonyeze.
Zitaiva zenyewe."
Ndaga, nikasema. Ndaga, wakasema, na mwavuli ukafunguka.

Kabla umeme haujakatika nikabonyeza Hifadhi.
Nikafungua daftari la madeni, ukurasa mpya,
chini ya Ipyana wa mwaka juzi, ambaye hajarudi kulipa
na ambaye, nasikia, sasa anafundisha Songea:

Atuganile. Elfu tatu na mia tano.
Boom likitoka.