Kisanduku cha Mama

Mimi ndiye niliyempelekea mama kile kisanduku.
Kampuni ilinilipa rupia hamsini kwa kila kimoja,
na mwezi ule nilibakiza kimoja tu kutimiza hesabu.
Nikakiweka kando ya karai,
pale unga wa dengu ulipogandia meza kama ukoko,
nikabandika ule mraba wa vidoto vyeusi
kwenye kioo cha kabati la bhajia.
Aai, nikamwambia, shida ya chenji imekwisha.

Mteja wa kwanza, mwalimu Phadtare, akaelekeza simu,
na kisanduku kikapaza sauti,
sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kukohoa:
Umepokea rupia ishirini.
Mama akaruka. Upawa ukatumbukia mafutani.
Kisha akacheka, akakijibu: Asante, dada.
Wiki nzima alikijibu.

Ng'ambo ya barabara,
kwenye kivuli cha duka la matairi,
hukaa Dhondiba Mohite,
anayetudai tangu baba alazwe Miraj.
Kila Jumamosi alivuka kuja kuuliza,
na kila Jumamosi mama alimwambia: biashara imelala.
Nani angembishia?
Noti zilizofutikwa ndani ya sari hazina mdomo.

Jumamosi ile alikuja na karatasi.
Jumatatu, mia nane na kumi.
Jumanne, mia sita arobaini.
Jumatano, saa nane mchana, peke yake, mia mbili.
Akaikunja karatasi, polepole.
"Nawe una neno, Shevanta,
au tumuulize dada yako?"

Mama hakunilaumu.
Aliyatazama mafuta tu, mpaka bhajia zikaungua.

Kesho yake alikivisha kitambaa,
akakizika ndani ya debe la unga.
Kikasema humo humo, kama mtu aliyezibwa kwa mto,
yeye mwenyewe asisikie.
Vijana wa chuo walichukua siku mbili kugundua.
Wakawa wanamwinulia kioo chenye alama ya kijani,
picha ya malipo ya wiki iliyopita,
haraka haraka, huku wanatafuna.
Mama husoma nyuso. Tarakimu humchelewesha.
Jumamosi iliyofuata biashara ilikuwa imelala kweli,
na Dhondiba hakuamini.

Ndipo aliponiuliza, huku akimenya vitunguu,
"Huyu dada yako anajua lugha ngapi?"
Kumi na moja, nikasema. Nilikariri hivyo kwenye mafunzo.
"Anajua ya wale wa malori?"

Malori ya manjano hutoka Erode,
siku mbili njiani, madereva wamepakwa vumbi
hadi kwenye kope.
Husimama kwa mama kabla ya kwenda ghalani.
Mmoja wao, Murugesan, mtu wa meno makubwa na subira,
alimfundisha kwa bhajia:
moja, onnu; kumi, pattu;
ishirini, irubadu, na akaila ya ishirini.
Siku nne. Nani anahitaji hesabu zaidi ya hiyo
kuuza kitunguu kilichokaangwa?

Nikabonyeza, nikabadilisha.
Kisanduku kikatoka kwenye debe, kikapanguswa,
kikapaza Kitamil barabara nzima.
Wale vijana wakawa wanalipa.
Dhondiba akainua kalamu, akaishusha,
akakiangalia kisanduku kama mtu aliyetukanwa
asijue ametukanwa nini.

Mama akaanza tena kukijibu.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini jana jioni nilimwona Dhondiba kibandani pa chai,
amemlipia Murugesan vikombe viwili,
anamwonyesha vidole vyake, kimoja kimoja.

Na leo asubuhi kampuni imetuita, imetugawia toleo jipya.
Hili lina kioo.
Tarakimu nyekundu, kubwa kama kiganja,
zinasomeka, walisema kwa fahari, hata ng'ambo ya barabara.
Rupia themanini kwa kila kimoja,
na vya zamani vitazimwa, tarehe itatangazwa.

La mama limo begini mwangu.
Nimekaa hapa, nakula bhajia zake,
na amenikataza kulipa.