Jina Juu ya Theluji

Ilianguka usiku kucha bila kubisha hodi.
Asubuhi uzio haupo, baiskeli ya Gatien haipo,
ua mzima mweupe pe,
na kimya jii, hata mbwa wa kina Bolduc
alibweka kama aliyefunikwa blanketi.

Baba alitoka saa tisa za usiku
na greda la kusukuma theluji.
Alituachia maneno matatu mezani:
Msichome nyumba moto.

Mimi ndiye mkubwa, miaka kumi na miwili na nusu.
Nusu hiyo niliihesabu sana wiki ile.
Nikamimina shira katika sufuria ya Mama,
ile yenye mpini uliofungwa waya,
shira ya utomvu wa miti yetu wenyewe, ya Machi,
kopo la mwisho kasoro moja.

Mama haangalii saa. Huisikiliza.
Husema shira mbichi hupiga kelele kama watoto,
ikiiva hunong'ona.
Nikatega sikio hadi mvuke ukaniunguza shavu.
Kelele.
Bado kelele.
Odilon akadondosha tone katika kikombe cha maji baridi:
likatawanyika kama uongo.
La pili likajikunja, likakaa.
"Sasa!"

Theluji si theluji tu, muulize mtu wa kwetu.
Ya karibu na dohani imekula majivu,
ya barabarani ina chumvi ya Baba,
ya chini ya dirisha, tusiseme, mbwa anaijua.
Tulikwenda nyuma ya ghala,
kwenye ya leo leo,
isiyokanyagwa hata na kunguru.
Odilon akaishindilia katika sinia kwa viganja vitupu,
vidole vikawa vyekundu, akakataa glavu.

Nilikusudia mistari tu, kama ya kila mwaka.
Mkono ukaandika Irène.

Hakuna aliyesema kitu.
Siku ya tisa hiyo tangu ambulensi.
Shira ilizama kidogo, ikang'aa kama kaharabu,
ikakaza.

"Umesahau alama," akasema Gatien,
ndiyo kwanza amejua kusoma.
Alama ile ndogo juu ya herufi ya katikati,
inayolifumbua jina mdomoni.
Nikaiweka: tone moja, limelala upande.
Akalinyofoa, akalila palepale.

Basi tukalila jina la mama yetu,
tukilizungusha kwenye vijiti,
baridi nje, vuguvugu ndani.
Meno yakagandana. Hatukuweza kusema,
na ilikuwa afadhali.

Ile e ya mwisho tulimwekea Baba.
Aliila mlangoni na mabuti yake.
"Herufi gani hii?" akauliza. Nikamwambia.
Akageuka kutundika koti,
akalitundika muda mrefu sana,
na koti lenyewe lina kitanzi kimoja.

I kubwa, iliyonyooka kama mtu aliyesimama,
niliifunga katika karatasi ya nta,
nikaiweka kwenye kopo la biskuti nje ya dirisha.

Alhamisi kukawa na jua.
Alhamisi ndiyo aliyorudi,
mwembamba, bangili ya hospitali bado mkononi.
Tukafungua kopo mbele yake:
doa la kahawia, lisilo na kichwa wala mguu.

"Ni nini hiki?"
"Ni wewe," akasema Gatien.

Akalichovya kidole, akaonja,
akafumba macho kama anayesikiliza kitu mbali.
"Mliiwahi kuipua," akasema.
Akailamba karatasi yote.