Mgeni Asiyeonja

Łódź, Februari. Theluji imegeuka tope la masizi
chini ya madirisha ya maabara,
na Bwana Skwarek, mwokaji mikate,
anameza mpira mwembamba tangu alfajiri,
sentimita kwa sentimita,
kama mtu anayemeza barua ndefu asiyotaka kuisoma.

Eksirei inasema ncha imefika.
Pampu inaanza, mililita kumi kwa dakika:
maji, chumvi, sukari kidogo,
na ndani yake wewe, rangi nyekundu,
mgeni asiyeonja.

Hukaribishwi, wala hufukuzwi.
Sukari inashikwa mkono, inavutwa ndani
kama jamaa aliyechelewa arusini.
Wewe hakuna anayekuita.
Unapita ukumbini umevaa koti lako,
unatokea mlango wa pili ukiwa mzima, hukupungua chembe.
Ndiyo sababu tunakuamini.

(Miaka minne niliishi kwa mama mkwe
baada ya kumzika mwanawe.
Nilipita vyumbani mwake hivyohivyo.)

Daktari Bogna alinifundisha hesabu
juu ya karatasi ya kufungia soseji:
rangi ikiingia ishirini, ikatoka ishirini na tano,
si kwamba imeongezeka.
Imekolea. Maji ndiyo yamenywewa;
katika vikombe vitano, kimoja kimeingia mwilini.
"Usimtazame mgeni," alisema.
"Tazama kilichotoweka pembeni yake."

Basi mimi nakinga.
Kila dakika kumi, chupa, barafu, namba kwa penseli.
Natia tone la magadi,
umanjano unashtuka, unakuwa waridi,
mashine inausoma mwanga.

Kumi na sita.

Narudia. Kumi na sita.
Nafuta kioo, nikidhani ni alama ya kidole changu.
Kumi na sita.
Utumbo wa Bwana Skwarek haunywi. Unalia.
Vikombe vinne unavyopewa, unarudisha vitano.

"Kimeona nini huko?" ananiuliza,
maneno yakichechemea kando ya mpira.
Si kazi yangu kumjibu.
Natazama kucha zake, unga umekwama chini yake
kama theluji isiyojua msimu.

Daktari ndiye aliyelitamka: ngano.
Miaka thelathini ameamka saa nane za usiku
kukanda kile kilichokuwa kikimmaliza.
Alicheka, mpira ukatikisika,
akatapika kidogo, akaomba radhi.

Septemba akarudi, shingo imejaa kola.
Mkewe sasa ndiye anayekanda;
yeye hupanga foleni, huhesabu chenji,
hula viazi.
Mpira uleule. Pampu ileile, inakohoa vilevile.
Nikasoma namba, nikaificha kwa kiganja,
nikaisoma tena kama mtoto na karata yake:
ishirini na tatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jioni nikamimina mabaki kwenye sinki.
Ulishuka kama ulivyokuja,
huna habari ya mtu yeyote.
Nikazima taa, na ndipo nikasikia harufu:
juu ya meza, ndani ya kitambaa cha jikoni,
mkate, bado una joto upande wa chini.

Alikuwa ameubeba kutoka upande wa pili wa mji,
kifuani, ndani ya koti,
tramu mbili,
bila kuuonja.