Mshiriki wa Arobaini na Moja

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kabla nyundo ya kwanza haijaamka Kamukunji,
nafungua ghala tuliloazimwa na kanisa,
natundika mablanketi ukutani, matabaka matatu,
naziba ufa wa dirisha kwa sponji ya godoro.
Kamati ya maadili ilikaa na karatasi zangu miezi saba,
ikaniuliza: kimya utakipata wapi pale?
Nilijibu kwa aya mbili na marejeo kumi na manne.
Jibu la kweli lilikuwa blanketi.

Fundi Musyimi anaingia akiwa amenyoa.
Namsomea fomu ya ridhaa. Anaitazama midomo yangu
kama mtu anayesoma saa iliyo mbali.
"Una haki ya kujitoa wakati wowote."
"Kujitoa?" Anacheka. "Miaka thelathini na mmoja, daktari,
ningejitoa niende wapi?"
Mimi si daktari bado. Nimemwambia mara mbili.
Hakusikia, au hakutaka kusikia,
na fomu haina kisanduku cha kutofautisha hayo mawili.

Namvisha vipokea-sauti. Namkabidhi kitufe.
Ukisikia mlio, hata uwe mdogo kama wa mbu
aliye chumba cha pili, bonyeza.
Hertzi mia tano: anabonyeza.
Elfu moja: anabonyeza, amechelewa kidogo.
Elfu mbili. Elfu tatu. Napandisha desibeli
kama anayemwita mtoto kwa jirani,
kisha mtaa wa pili, kisha ng'ambo ya mto.
Elfu nne, pale nyundo inapong'ata kwanza,
natuma mlio. Kimya.
Natuma tena.
Halafu, mashine ikiwa imepumzika,
mkono wangu ukiwa juu ya daftari,
anabonyeza.
Anabonyeza tena. Macho yananiuliza:
vipi hiyo, nimeipata?

Nilimwandikia swali kwenye karatasi. Akajibu kwa sauti,
kubwa mno kwa chumba kile:
"Niliona unangoja. Nikasema moyoni,
huyu mtoto wa watu asije akaanguka mtihani
kwa sababu ya sikio langu."

Nikampa nauli, shilingi mia mbili,
rufaa ya kliniki ya masikio, na vizibo jozi sita.
Alivigeuza kiganjani kama mbegu asizozijua.
"Nikiziba, nitajuaje bati limekubali?
Bati likikubali hubadilisha sauti."
Kisha akakumbuka:
sauti hiyo hajaisikia tangu mwaka ule wa mvua nyingi.
Siku hizi anaingoja mkononi, kwenye mfupa.
Sikuwa na safu ya kuandika mfupa.

Dokta Kwamboka, msimamizi wangu,
alipitisha kalamu nyekundu: Majibu hayaaminiki. Mwondoe.
Yuko sahihi. Nilimwondoa.
Sasa yumo chini ya jedwali la tatu,
katika maandishi madogo kuliko yote,
*aliyetolewa: mmoja.*

Usiku, chumbani Ngara, natafuta waya wa kuchajia
ndani ya sanduku nililoendea nalo kidato cha kwanza:
la buluu, jina langu kwa rangi nyeupe,
herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi.
Mama alilibishania bei hadi jua likatuchoma,
akapunguziwa shilingi hamsini,
tukarudi nyumbani tumeshinda.

Nakigonga kifuniko kwa ukucha.
Mlio mwembamba, mkali, mfupi. Naujua.
Nimeutuma masikioni mwa watu mia na kumi na wawili.

Sijui ni nani aliyelikunja bati hili.
Mafundi wa masanduku ni mamia,
na sina haki ya kudhani; nimefundishwa kutodhani.
Nimewasha tochi ya simu tu,
nikazihesabu alama za nyundo ukingoni.
Upande mmoja: mia mbili na sita.
Bado sijaligeuza.